Wimbo wa Mwindo: nani anaijua maana yake?



Katika shirika letu tuna desturi ya kukutana mara moja kwa mwezi na kusoma pamoja maandiko yanayogusa mababu zetu. Siku moja tulisoma habari za Mwindo, ule wimbo mrefu wa Banyanga wa Walikale. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi, ndani ya parseli ya mmoja wetu hapa Goma, kila mtu na fotokopi zake mkononi. Tulifikiri saa mbili zitatosha. Tuliachana usiku, na hatukupatana. Watu walikuwa wamesoma karatasi zilezile, lakini kila mmoja alirudi nyumbani na Mwindo wake.

Tangu siku ile swali moja linanisumbua, na ndilo ninalotaka kulichunguza katika kurasa hizi: maana ya wimbo wa zamani iko wapi? Iko kwa mwimbaji, kwa kitabu, ao kwa yule anayesoma? Na kama kila mtu anaweza kusoma vile anavyopenda, je, kuna kusoma kubaya?

1. Habari yenyewe kwa kifupi

Kwa wale wasioijua, nitasema kwa maneno yangu mwenyewe.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaoa wanawake saba. Akatoa amri: wake zake wazae wasichana tu, mtoto mwanaume akizaliwa, atauawa. Wake sita walizaa wasichana. Wa saba, aliyekuwa mpenzi wake, alizaa Mwindo, na mtoto huyu hakupita njia ya watoto wengine, alitokea katika kidole cha kati cha mama yake. Alizaliwa akiwa anasema na kutembea, na mkononi alishika usinga wake, ule Banyanga wanaouita konga.

Baba alijaribu kumuua. Alimtupia mikuki, akamzika, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akasafiri ndani ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa wa maji. Toka hapo akapanda kurudi Tubondo pamoja na shangazi. Wajomba zake walimwimarisha kwa chuma, na Nkuba, yaani radi, akateremka na kuichoma Tubondo. Shemwindo akakimbia, akaingia chini ya ardhi. Mwindo akamfuata huko kwa wafu, akapita majaribu mengi, akamrudisha nyumbani akiwa mzima, na kuwafufua watu wa Tubondo. Baba akaungama kosa lake mbele ya watu wote, na mwana akavikwa heshima ya mwami.

Wengi wanaosimulia wanasimamaka hapo, lakini wimbo haujaisha. Mwindo, akiwa sasa ni mwami, alitamani nyama ya nguruwe wa pori. Wawindaji aliowatuma wakamezwa na dude la msituni, Kirimu. Mwindo akaliua. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba kwa mapatano ya damu. Nkuba akasikia harufu ya kifo cha rafiki yake, akateremka na kumchukua Mwindo juu mbinguni, na huko shujaa akakaa mwaka mzima katika baridi na mvua, katika ukali wa jua, akikemewa na vitu vya mbinguni kimoja kimoja. Aliporudi alikuwa amekatazwa kuua mnyama tena, na aliwapa watu wake sheria.

2. Namna wimbo ulivyoingia katika kitabu

Wimbo huu tunaujua leo kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Candi Rureke. Mwaka 1956, huko Walikale, aliuimba wote mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji wa mila, na vijana Wanyanga waliokuwa wakiandika. Kazi ilichukua siku 12. Rureke hakukaa kwenye kiti na kusimulia kama mwalimu darasani. Aliimba, akacheza, akaigiza, huku kibuyu chenye mbegu kikilia mkononi na njuga miguuni, na vijana wakipiga fimbo kufuatisha mwendo wake. Hivi ndivyo wimbo wa namna hii unavyokuwa. Banyanga wanauita karisi, na mwimbaji wake ni shekarisi. Karisi ni pia jina la roho: mtu haimbi kwa sababu tu anajua maneno, anaimba kwa sababu ile roho inataka wimbo uimbwe.

Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani, kwenye chuo kikuu cha Kalifornia, kwa majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene. Huyu Mateene ni Munyanga, mtaalamu wa lugha, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi za Afrika kule Kampala. Tunamkumbuka muzungu mara nyingi, tunamsahau mwana wa nyumbani. Bila yeye na bila wale vijana walioandika, hata Biebuyck angerudi kwao na daftari nusu.

Hapa kuna jambo moja ambalo msomaji asiliruke. Rureke mwenyewe alieleza kwamba kabla ya siku zile hakuwahi kuimba habari yote kwa mfululizo. Kwa kawaida watu walisikia kipande jioni moja, kipande kingine siku nyingine. Kwa hiyo Mwindo mzima, toka kidole cha mama mpaka sheria za mwisho, alikusanywa mahali pamoja kwa ajili ya kitabu. Ni zawadi kubwa. Lakini pia ni kitu kipya. Msikilizaji wa zamani alisikia kipande, na kilichobaki alikijua tayari, maana alizaliwa ndani yake. Msomaji wa leo akishika kipande, hana kingine nyuma yake. Makosa mengi ya kusoma, kwa maoni yangu, yanatoka hapo.

3. Wasomaji wa mbali

Kitabu kilipotoka, wasomaji wa kwanza hawakuwa watu wa Walikale. Walikuwa wataalamu wa Ulaya na Marekani, na swali lao la kwanza halikuwa juu ya Mwindo hata kidogo. Waliuliza: je, hii ni utenzi kweli?

Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi ya mdomo ya Afrika, aliandika kwamba tenzi za mashujaa karibu hazipo katika Afrika ya kusini ya Sahara, ukiacha zile za Waswahili wa pwani zilizoandikwa kwa beti. Masimulizi kama yetu aliyaona ni hadithi zenye nyimbo ndani yake. Wengine walimjibu, kati yao Isidore Okpewho wa Nigeria, aliyetoa mwaka 1979 kitabu kizima juu ya tenzi za Afrika, na Mwindo yumo ndani. Hata kabla ya hapo, mwaka 1949, padri Boelaert alikwisha kutangaza Lianja wa Wamongo, naye akauita utenzi wa taifa.

Mtu anaweza kusema: haya ni mabishano ya maprofesa, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Jina unalolipa jambo ni mwanzo wa kulieleza. Ukisema ni hadithi ya watoto, utatafuta mambo ya kuchekesha. Ukisema ni utenzi wa shujaa, utatafuta vita na ushindi, kwa sababu katika tenzi za Wagiriki umezoea kuona hivyo. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika vyuo vya Marekani, ambako Mwindo anasomwa mpaka leo, wengi wanamweka karibu na mashujaa wa nchi nyingine: mtoto wa ajabu, baba mbaya, safari kwa wafu, kurudi na ushindi. Wengine wanafuata njia ya elimu ya nafsi na kuona hapo ugomvi wa baba na mwana ulio katika kila nyumba duniani.

Sisemi wamekosea. Mambo hayo yote yamo. Lakini waangalie tena. Yule mama aliyemzaa Mwindo ni mke mpenzi wa mwami. Kwa Banyanga, mama wa mwami anayekuja anachaguliwa kwa desturi, ni mke wa ibada, hachaguliwi kwa mapenzi ya mwami. Kwa hiyo kwa msikilizaji wa Walikale, jambo linaloshangaza tangu mwanzo si kidole cha mama. Jambo ni hili: huyu mtoto, kwa haki gani atakuja kutawala? Msomaji wa mbali anaona muujiza. Mtu wa nyumbani anaona pia kesi ya urithi.

Biebuyck mwenyewe aliliona hili. Alieleza kwamba Mwindo wa kwanza anajisifu, anapiga kelele, anatisha watu, na Banyanga hawapendi tabia hiyo kwa mwami. Mwami mzuri kwao ni mtu mtulivu, anayeshauriana, anayepatanisha. Mwaka 1978 alitoa masimulizi mengine ya Banyanga katika kitabu alichokiita «Hero and Chief», maana yake shujaa na mwami. Katika jina lile kuna maelezo yote: hivi ni vitu viwili, na wimbo unasafiri toka kimoja kwenda kingine.

4. Wasomaji wa nyumbani

Sasa turudi katika parseli yetu.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu mmoja wa masomo ya sekondari. Kwake Mwindo ni fundisho la utawala: mkubwa anayeogopa watoto wake ataharibu nchi. Alitaja majina ya wakubwa wa siku zetu, nami sitayarudilia hapa. Wa pili, katekista, aliona mtoto aliyefungwa ndani ya ngoma na kuelea juu ya maji, akasema: «Huyu ni Musa kabisa.» Tukacheka, lakini alikuwa anasema kweli yake. Mtu husoma na vitabu vingine alivyo navyo kichwani.

Kisha kijana mmoja akaomba neno. Huyu alizaliwa Walikale, lakini alikulia hapa mjini. Tunajua vizuri ni kwa nini. Mwaka 1993 vita vilianzia kwenye soko la Ntoto, vikaenea Masisi, na nyuma yake zikaja vita za 1996 na 1998, na zile ambazo hazina hata majina. Familia yake ilitoka porini kwa miguu. Akasema:

«Bazee, mutusamehe. Mimi naona hii habari ni ya vita. Mwindo alionewa. Hakuenda kulia kwa mutu. Alichukua nguvu, akachoma mugini, akashinda, njo wakamuheshimu. Na sisi tulionewa. Kwa nini munatusomeaka ju ya amani kila siku?»

Watu walinyamaza. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakusoma. Alisoma, na maneno yapo: Tubondo ilichomwa kweli. Nilifikiri mwalimu atajibu, lakini aliyejibu ni mama mmoja mzee, ambaye hakuwa na fotokopi. Hajui kusoma Kifaransa wala Kiingereza. Alikuja kwa sababu alisikia jina la Mwindo, na alikuwa ameisikia habari hiyo akiwa mtoto, jioni, motoni.

«Mwana wangu, umesema vizuri,» akamwambia. «Lakini uliacha kamba. Wakati Mwindo anashuka kwa wafu, nani alikuwa anashika kamba?»

Kijana akatafuta katika karatasi zake. Ni kweli, imo. Kabla ya kuingia chini ya ardhi Mwindo alimwachia shangazi Iyangura ncha ya kamba. Ikitikisika, yeye ni mzima, ikitulia, amekufa.

«Na baridi ya kule juu?» yule mama akaongeza. «Nani alimupeleka kule? Si ni ule Nkuba aliyemusaidia kuchoma?»

Hakusema zaidi. Kijana hakukubali usiku ule. Alisema kwamba wazee wanapenda mwisho kwa sababu mwisho unawapa heshima wao. Na hilo pia si neno la kutupa.

5. Nini kinachofanya kusoma kuwa kuzuri

Nimefikiri sana juu ya majibu yale mawili, la kamba na la baridi. Yule mama hakumwambia kijana «maana ya wimbo ni hii». Hakutoa maelezo yoyote. Alimwonyesha vitu viwili alivyoviruka. Naona hiyo ndiyo njia ya kweli ya kupima kusoma kwa mtu.

Msomaji yuko huru. Mwalimu anaweza kuona utawala, katekista kuona Musa, kijana kuona vita yake mwenyewe. Wimbo usiomgusa mtu katika maisha yake umekufa. Lakini uhuru huo una mzigo: lazima ubebe habari yote, usichague nyama na kuacha mifupa. Maelezo yanayofika Tubondo na kusimama pale hayawezi kueleza kwa nini Nkuba, rafiki aliyeleta moto, ndiye aliyekuja baadaye kumshika shujaa. Hayawezi kueleza kwa nini Mwindo anajisikia mkubwa sana chini ya ardhi na mdogo sana juu ya mawingu. Hayawezi pia kueleza kwa nini aliwafufua watu wa Tubondo. Kama ushindi ni kuchoma, kufufua ni kazi ya bure.

Na kamba? Shujaa yule anayejisifu kwamba alizaliwa anatembea, uzima wake uko katika mkono wa mwanamke aliyekaa juu akingoja. Hata huko chini anasaidiwa na msichana mwenye vidonda, Kahindo, na yeye anamwosha vidonda vyake. Na mambo yalipokwisha, ni shangazi Iyangura tena aliyesimama kati ya baba na mwana, akamkemea kaka yake mbele ya watu. Ukisoma kwa kufuata mikuki, wanawake hawa hawaonekani. Ukifuata kamba, wanaonekana kila mahali.

Majirani zetu Balega wanatufundisha jambo lilelile kwa njia nyingine. Katika chama chao cha bwami, sanamu ndogo ya pembe ao ya mti inafuatana na mithali, na sanamu moja inaweza kubeba mithali nyingi. Maana yake inategemea iko pamoja na vitu gani vingine, ni daraja gani linafundishwa, na nani anaishika. Mgeni akiikuta peke yake nyuma ya kioo, kule museum ya Ulaya, anaona uzuri wake, lakini haimwambii neno. Hata hivyo, Balega hawasemi kwamba sanamu ina maana yoyote utakayopenda. Kuna waliofundishwa, na kuna anayebahatisha.

Juu ya yale kijana aliyosema, kwamba mwisho unawapa wazee heshima: nimeurudilia mwisho ili nione. Sheria alizoleta Mwindo zinasema juu ya kulima, kujenga nyumba nzuri, kutogombana, kutomcheka mlemavu, kuacha mke wa mwenzako. Zinasema watu wamwogope mwami. Lakini zinasema pia kwamba mwami naye awaogope watu. Basi kijana alikuwa na haki kuuliza, na wimbo unamjibu kuliko sisi tulivyoweza: heshima ile ina pande mbili. Mzee anayesoma upande mmoja tu wa sheria ile amefanya kosa sawa na la kijana aliyesimama Tubondo.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Mtu akiniuliza kwa nini kazi hii ni ya haraka, nitamjibu kwa habari ya mkutano ule tu. Kati ya watu kumi na wawili, mmoja peke yake aliijua habari kwa masikio. Sisi wengine tuliijua kwa karatasi, tena karatasi za lugha ya mbali. Wanaosikia motoni wamekuwa wachache, kwa sababu vita vimetawanya vijiji, na moto wa jioni unahitaji kijiji. Mtoto anayekulia katika mji ao katika kambi atampata Mwindo katika kitabu, akipata. Ni vizuri kitabu kipo. Lakini kitabu hakitamuuliza: «Uliacha kamba?»

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, tukisoma wimbo huu masomoni ao katika mikutano, tuusome mpaka mwisho, hata ikichukua miezi. Rureke alichukua siku 12. Hatuwezi sisi kuumaliza kwa saa mbili. Pili, kila mara tumwite mtu aliyeusikia, hata kama hajui kusoma, na tumpe neno kabla ya mwalimu. Tatu, tuandike sio habari tu, bali pia namna watu wanavyobishana juu yake. Biebuyck na Mateene walituhifadhia wimbo. Mabishano ya jioni, ambamo maana inazaliwa, tutayahifadhi sisi wenyewe.

Yule kijana alirudi katika mkutano uliofuata. Alikuwa amekwenda kumwona yule mama kwake na kumwomba amsimulie tena, toka mwanzo. Nikamuuliza kama sasa amekubali. Akasema bado, wako katika ngoma, Mwindo hajafika kwa shangazi.